Kutenga Kitu na Kitu: Historia ya Kutafuta Vitovu Katika Picha za Kompyuta

Kazi ya kuonyesha mahali kilipo kitovu cha kila kitu kilichomo katika picha, ziwe ni seli za damu chini ya hadubini, nyota zilizonaswa na darubini au mapaa ya nyumba yaliyopigwa picha kutoka angani, huonekana kwa binadamu kuwa jambo dogo, kwa sababu jicho huliona doa na katikati yake kwa pamoja. Kwa kompyuta mambo si hivyo, kwani inachopewa si vitu bali ni jedwali la namba, kila namba ikisimamia mwangaza wa kipande kidogo cha picha kiitwacho pikseli, na hakuna namba hata moja katika jedwali hilo inayotaja ni ya kitu gani. Historia ya programu zinazotafuta vitovu ni historia ya maswali mawili yaliyofungamana lakini yasiyolingana kwa uzito: kwanza, kitu kimoja kinaanzia wapi na kuishia wapi, pili, kikishatengwa na vingine, kitovu chake kiko wapi. Swali la pili lilikwisha kupata jibu kabla hata ya umeme kugunduliwa, ilhali la kwanza limewashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 60 na bado halijafungwa.

Jibu la swali la pili lilitoka katika jiometri ya Wayunani wa kale. Archimedes wa Syracuse, aliyeishi katika karne ya tatu kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba pembetatu iliyokatwa katika ubao wenye unene ulio sawa kila mahali husimama bila kuinama ikiegemezwa pale inapokutana mistari inayotoka kila pembe kwenda katikati ya upande unaoikabili. Ili kanuni hiyo ifae kwa picha, kila pikseli ya kitu huchukuliwa kuwa uzani mmoja ulio sawa na mwenzake, kisha namba za safu wima za pikseli zote hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya pikseli, na namba za safu mlalo hufanyiwa vivyo hivyo. Kitu chenye pikseli tano zilizopo katika safu wima na safu mlalo (2,1), (2,2), (2,3), (3,3) na (4,3), kwa mfano, kina jumla ya 13 upande wa safu wima na 12 upande wa safu mlalo, kwa hiyo kitovu chake ni 2.6 na 2.4. Mfano huu mdogo unaonyesha mambo mawili ambayo mwandishi wa programu hukutana nayo mapema. La kwanza ni kwamba kitovu hakilazimiki kuwa namba kamili, na faida ya jambo hilo itaonekana katika sehemu ya wanafalaki. La pili linaudhi zaidi: pikseli iliyo karibu zaidi na kitovu hicho ni (3,2), ambayo si sehemu ya kitu chenyewe, kwani kitu kimejikunja kama pembe ya seremala na kitovu chake kimeangukia nje ya mwili wake. Hesabu haijakosea, ni matarajio ya msomaji wa picha, anayedhani kwamba katikati ya kitu lazima pawe ndani yake, yanayohitaji kurekebishwa.

Mwaka 1962 Ming-Kuei Hu, katika makala iliyochapishwa Marekani, aliiweka hesabu hiyo ndani ya mfumo mpana wa namba ziitwazo momenti, ambazo ni jumla za mwangaza wa pikseli uliozidishwa kwa nafasi zake katika vipeo mbalimbali. Momenti ya chini kabisa hutoa eneo la kitu, zinazofuata zikigawanywa kwa eneo hutoa kitovu, na zilizo juu ya hizo hueleza kama kitu ni kirefu au cha mviringo na kimeelekea upande gani. Hu alikuwa na nia ya kuzitambua herufi, si kuhesabu madoa, hivyo kitovu kwake kilikuwa hatua ya njiani tu: aliihamisha herufi mpaka kitovu chake kikae kwenye asili ya vipimo, ndipo aanze kuipima umbo. Hata hivyo, waandishi wa programu waliokuja baadaye walikichukua kituo hicho cha njiani wakakifanya kuwa mwisho wa safari.

Kabla ya hayo yote ilibidi picha iingie ndani ya kompyuta, na hilo lilifanyika mwaka 1957 katika Ofisi ya Taifa ya Viwango ya Marekani, mjini Washington, ilikokuwa kompyuta iitwayo SEAC iliyoanza kazi mwaka 1950. Russell Kirsch na wenzake walitengeneza skana yenye pipa linalozunguka, ambalo picha ilibandikwa juu yake huku kifaa cha kupima mwanga kikisoma sehemu baada ya sehemu. Picha iliyopata umaarufu ni ya mtoto wa Kirsch mwenye umri wa miezi mitatu, yenye upana wa sentimita tano hivi, ambayo ilikatwakatwa kuwa pikseli 176 kwa 176, yaani 30,976 kwa jumla. Kila pikseli ilipewa tarakimu moja tu, sifuri au moja, kwa maana ya weupe au weusi, na vivuli vya kati vilipatikana kwa kuisoma picha hiyo hiyo mara kadhaa, kila mara kwa kiwango tofauti cha mwanga kinachohesabiwa kuwa cheupe. Sifa nyingi zimekwenda kwa sura ya mtoto, lakini kwa historia inayosimuliwa hapa jambo kubwa zaidi ni kwamba miongoni mwa majaribio ambayo kundi hilo liliyaeleza mwaka huo huo lilikuwamo la kuiamuru kompyuta ihesabu madoa yaliyotengana katika picha. Tangu siku za mwanzo kabisa, mashine ilitakiwa itofautishe doa na doa kabla ya kutakiwa itambue ni doa la nini.

Uamuzi wa Kirsch wa kuifanya pikseli kuwa ya mraba ulichukuliwa kwa sababu mraba ulikuwa rahisi kushughulikiwa, na katika uzee wake yeye mwenyewe aliukosoa hadharani na kupendekeza pikseli zenye maumbo mengine. Uamuzi mwingine, ule wa kuigawa picha kuwa nyeusi na nyeupe kwa kutumia kiwango fulani cha mwanga, uliitwa baadaye kuweka kizingiti: pikseli yenye mwangaza uliovuka kizingiti huhesabiwa kuwa sehemu ya kitu, na iliyo chini yake huhesabiwa kuwa usuli, yaani eneo tupu lililo nyuma ya vitu. Kwa miaka mingi kizingiti kilichaguliwa kwa kukisia na kurudia, mpaka Nobuyuki Otsu wa Japani alipochapisha mwaka 1979 njia ya kukichagua kwa hesabu. Programu hujaribu vizingiti vyote vinavyowezekana, na kubaki na kile kinachozigawa pikseli katika makundi mawili ambayo mwangaza ndani ya kila kundi unatofautiana kwa kiasi kidogo kadiri inavyowezekana. Njia hiyo ingali inatumika kila siku, na udhaifu wake ni ule ule wa siku ya kwanza: picha ambayo upande mmoja umeangazwa kuliko mwingine haina kizingiti kimoja kinachofaa kote.

Hatua ambayo inastahili kuitwa kitovu cha historia yenyewe ilipigwa mwaka 1966 katika Chuo Kikuu cha Maryland, pale Azriel Rosenfeld na John Pfaltz walipochapisha katika jarida la chama cha wanakompyuta wa Marekani makala kuhusu shughuli za kuifanyia picha pikseli moja baada ya nyingine kwa mfuatano. Rosenfeld, ambaye pamoja na uanahisabati wake alikuwa pia rabi, aliandika mwaka 1969 kitabu kinachotajwa kuwa cha kwanza cha kiada kuhusu uchakataji wa picha kwa kompyuta, na kwa miongo mingi aliorodhesha kila mwaka makala zilizotoka katika fani hiyo. Tatizo ambalo yeye na Pfaltz walilikabili lilikuwa hili: programu ikipita juu ya picha safu kwa safu, kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka juu kwenda chini, itajuaje kwamba pikseli nyeusi iliyokutana nayo sasa ni ya kitu kile kile ilichokiona safu tatu zilizopita, ilhali haiwezi kuinua macho na kuitazama picha nzima?

Jibu lao lilikuwa kumpa kila mgeni namba na kukubali kusahihisha baadaye. Programu inapofika kwenye pikseli ya kitu hutazama majirani ambao tayari imewapitia, yaani wa kushoto na wa juu. Kama hakuna hata mmoja aliye sehemu ya kitu, pikseli hupewa namba mpya. Kama mmoja anayo namba, pikseli huirithi. Na kama majirani wawili wana namba mbili tofauti, pikseli huchukua mojawapo huku programu ikiandika katika daftari la pembeni kwamba namba hizo mbili ni za kitu kimoja. Kitu chenye umbo la herufi U kinaonyesha vizuri sababu ya kuwapo kwa daftari hilo. Safu za juu zinaposomwa, mikono miwili ya herufi haijulikani kuwa na uhusiano wowote, hivyo mkono wa kushoto hupewa namba 1 na wa kulia namba 2, na hivyo ndivyo inavyoendelea mpaka safu ya chini kabisa, ambako mikono inakutana na daftari kuandikwa kwamba 1 na 2 ni sawa. Programu kisha huipitia picha mara ya pili na kubadilisha kila 2 kuwa 1. Mwishoni kila kitu kina namba yake pekee, na kutafuta vitovu hubaki kuwa kujumlisha na kugawanya kwa namna iliyokwisha kuelezwa, kitu kwa kitu.

Uzuri wa njia hiyo ni kwamba haihitaji kujua lolote kuhusu umbo la kitu wala idadi ya vitu vilivyomo, na kwamba kazi yake huongezeka kwa kadiri ya ukubwa wa picha tu, jambo lililokuwa la maana sana katika enzi ambayo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa finyu kiasi kwamba picha ilibidi isomwe kutoka kwenye utepe safu moja moja. Mwaka 1976 watafiti Joseph Hoshen na Raoul Kopelman, waliokuwa wakichunguza namna maji au umeme unavyopenya katika mata yenye vitundu vilivyotawanyika ovyo, walichapisha njia inayofanana nayo sana kwa mahitaji yao wenyewe. Ndiyo maana njia hiyo ina majina mawili hadi leo, moja kwa watu wa picha na jingine kwa watu wa fizikia.

Hata hivyo, neno jirani, ambalo katika maelezo hayo limepita kana kwamba maana yake iko wazi, lilificha mtego uliotokana na ule mraba wa Kirsch. Pikseli ya mraba ina majirani wanne inaogusana nao kwa ubavu na wengine wanne inaogusana nao kwa pembe tu, na mwandishi wa programu hana budi kuamua kama hao wa pembe ni majirani au la. Pikseli nne zilizopangwa juu, chini, kushoto na kulia ya pikseli moja tupu hugusana kwa pembe peke yake. Kama ujirani wa pembe unakubaliwa, nne hizo ni pete moja yenye kitovu kimoja, kilichoangukia kwenye nafasi tupu. Kama unakataliwa, ni vitu vinne vyenye vitovu vinne. Picha ni ile ile na programu ni ile ile, ila mstari mmoja wa msimbo umebadilika na hesabu imekuwa mara nne. La ajabu zaidi ni kwamba ujirani wa pembe ukikubaliwa kwa vitu na kwa usuli pia, pikseli tupu iliyo katikati huunganika na eneo tupu la nje kupitia zile zile pembe, hivyo pete imefunga lakini haikuzingira kitu. Rosenfeld alilishughulikia jambo hili kihisabati mwaka 1970 katika makala kuhusu muunganiko katika picha za kidijitali, na kanuni iliyokubalika ni kwamba vitu na usuli vitumie maana mbili tofauti za ujirani: vitu vikipewa majirani wanane, usuli upewe wanne, au kinyume chake. Ni suluhisho la kisheria kuliko la asili, na watu wa Ufaransa waliokuwa na mashine yao wenyewe walichagua kuliepuka tatizo badala ya kulitatua.

Watu hao walikuwa Fontainebleau, kusini mwa Paris, ambako Chuo cha Migodi cha Paris kilianzisha mwaka 1968 kituo cha utafiti chini ya Georges Matheron. Yeye na Jean Serra walikuwa wameanza kushirikiana mwaka 1964 katika kuchunguza mawe yenye madini ya chuma ya Lorraine, wakitaka kupima punje zinazoonekana katika kipande cha jiwe kilichosuguliwa na kuwekwa chini ya hadubini. Mashine iliyotokana na kazi ya Serra na Jean-Claude Klein ilizipanga pikseli katika mpangilio wa pembesita kama wa sega la asali, ambamo kila pikseli ina majirani sita wote wa ubavu, na kitendawili cha pembe hakizuki kabisa. Lakini urithi mkubwa zaidi wa Fontainebleau ulihusu jambo gumu kuliko hilo, nalo ni vitu vinavyogusana.

Punje mbili za madini zilizolaliana, au seli mbili zilizobanana, ni kitu kimoja mbele ya programu ya Rosenfeld na Pfaltz, kwa kuwa pikseli zake zimeungana bila kukatika. Kitovu kinachotolewa huangukia kwenye mpaka wa hizo mbili, mahali ambapo hakuna seli yoyote yenye kitovu, na anayehesabu hupata moja badala ya mbili. Hitilafu ya namna hii ni mbaya kuliko ya kizingiti, kwa sababu haionekani katika jedwali la matokeo: namba mbili za desimali zinazoelekeza kwenye kitovu cha uongo hazitofautiani kwa sura na zinazoelekeza kwenye cha kweli. Sehemu ya dawa ilikuwa tayari katika makala ile ile ya 1966, kwani Rosenfeld na Pfaltz walikuwa pia wameonyesha namna ya kuiwekea kila pikseli ya kitu umbali wake hadi kwenye usuli ulio karibu. Pikseli za ukingoni hupata namba ndogo na zile za ndani kabisa hupata kubwa, na seli mbili zilizogusana, ijapokuwa ni kitu kimoja kwa muunganiko, huwa na vilele viwili vya umbali vilivyotenganishwa na sehemu nyembamba ya katikati. Vilele hivyo ni vitovu vya namna nyingine, na vina sifa ambayo wastani wa Archimedes hauna: kilele cha umbali hakiwezi kuangukia nje ya kitu.

Serge Beucher na Christian Lantuéjoul, wote wa Fontainebleau, walilikamilisha wazo mwaka 1979 kwa kuichukulia picha kuwa nchi yenye milima na mabonde, ambamo namba ya pikseli ndiyo urefu wake kutoka usawa wa bahari. Ramani ya umbali ikipinduliwa, vilele huwa mabonde. Maji yakiachwa yapande polepole kutoka chini ya kila bonde, hufika wakati ambapo maji ya bonde moja yanakaribia kuchanganyika na ya jingine, na hapo hapo programu hujenga ukuta. Mtandao wa kuta zote ni mistari ya mgawanyo wa maji, na kila bonde lililozungukwa na kuta ni kitu kimoja chenye kitovu chake. Njia hii ilibaki nzito kwa kompyuta mpaka mwaka 1991, Luc Vincent na Pierre Soille walipotoa namna ya kuitekeleza kwa kupanga kwanza pikseli zote kulingana na urefu wake na kuzishughulikia kwa foleni. Maradhi yake yanajulikana kwa kila aliyeitumia: kikwaruzo kidogo ukingoni mwa seli huzaa kibonde cha bandia, na seli moja hukatwa vipande vitatu. Kwa hiyo watumiaji walizoea kuziwekea picha alama za mwanzo, moja kwa kila kitu, na kuruhusu maji yatoke kwenye alama hizo tu. Lakini anayeweza kuweka alama moja ndani ya kila kitu amekwisha kulijibu lile swali gumu, na maji yanabaki na kazi ya kuchora mipaka.

Wakati huo huo kulikuwa na njia iliyotoka mbali kabisa na mawe na seli. Baada ya Donald Glaser kubuni mwaka 1952 chemba ya viputo, chombo chenye kimiminika ambamo chembe za atomu zikipita huacha nyayo za viputo vinavyoweza kupigwa picha, maabara za fizikia zilijikuta na picha nyingi mno kuliko watu waliokaa mezani kuzikagua. Paul Hough alibuni njia ya kuitumia mashine kuzipata nyayo hizo, akapewa hataza mwaka 1962, na mwaka 1972 Richard Duda na Peter Hart waliiweka katika sura inayotumika leo na kuonyesha kwamba inafaa kwa mikunjo pia. Kwa duara, wazo ni la kupiga kura: kila pikseli iliyo ukingoni mwa duara hupigia kura nafasi zote ambazo kitovu kinaweza kuwapo, na pale kura zinaporundikana ndipo kitovu kilipo. Mwaka 1975 Carolyn Kimme, Dana Ballard na Jack Sklansky waliongeza kwamba pikseli ya ukingo inajua mwelekeo ambako mwangaza unaongezeka, kwa hiyo haina haja ya kutawanya kura pande zote bali huzipeleka kwa mwelekeo huo tu. Tofauti kati ya njia hii na zile za Maryland na Fontainebleau inafaa kuzingatiwa, kwani hapa kitu hakitengwi kwanza ndipo kitovu kitafutwe. Kitovu hutafutwa moja kwa moja, na duara lililofichwa nusu na jingine bado hupata kura za kutosha kutoka nusu iliyobaki. Gharama yake ni kwamba lazima mtu ajue mapema kwamba vitu ni vya mviringo na vina ukubwa gani, na seli, kwa bahati mbaya, hazikuapa kuwa za mviringo.

Wanafalaki hawakuwa na tatizo la umbo, kwa kuwa nyota iko mbali kiasi kwamba haina umbo. Kinachoonekana katika picha ni mtawanyiko wa nuru uliosababishwa na hewa na vioo vya darubini, nao ni ule ule kwa nyota zote za picha moja. Peter Stetson, katika kituo cha uangalizi wa anga kilichoko Victoria nchini Kanada, alitoa mwaka 1987 programu ya DAOPHOT iliyojifunza umbo la mtawanyiko huo kutoka kwa nyota chache zilizo peke yake, kisha ikalifananisha na nyota zilizosongamana, kundi zima kwa mkupuo, ikisogeza vitovu na kurekebisha mwangaza mpaka jumla ya nyota za kubuniwa ikaribiane na picha halisi. Emmanuel Bertin na Stéphane Arnouts walitoa SExtractor mwaka 1996 kwa ajili ya picha pana zenye galaksi na nyota kwa pamoja, wakirudi kwenye vizingiti, muunganiko na momenti, na kuifanya kazi hiyo kwa kasi ambayo DAOPHOT haikuilenga.

Katika mikono ya watu hawa ndipo ile desimali ya kitovu ilipoanza kuleta faida. Pikseli moja haiwezi kusema nyota iko upande gani ndani yake, lakini nuru iliyomwagika juu ya pikseli kadhaa, ikichukuliwa wastani wenye uzito wa mwangaza, inakiweka kitovu mahali kwa usahihi wa sehemu ndogo ya pikseli. John Crocker na David Grier waliuhamishia ujuzi huo kwenye hadubini mwaka 1996 ili kufuatilia mwendo wa vitufe vidogo vinavyoelea ndani ya kimiminika, na programu yao ikasambaa maabara nyingi. Hatua ya mbali zaidi ilifikiwa mwaka 2006, Eric Betzig na wenzake walipoziwasha molekuli chache chache za protini zinazong'aa, ili madoa yake yasilaliane, wakatafuta kitovu cha kila doa, wakazizima, wakawasha nyingine, na kurudia mpaka vitovu vyenyewe vikajenga picha. Doa la nuru lina upana wa nanometa 200 hivi, ambao ndio mpaka wa hadubini ya mwanga uliotajwa na Ernst Abbe mwaka 1873, lakini kitovu cha doa hujulikana kwa usahihi zaidi kadiri fotoni zinavyoongezeka, kwa kiasi cha kipeuo cha pili cha idadi yake, hivyo usahihi wa nanometa makumi machache ukawezekana. Betzig, Stefan Hell na William Moerner walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2014. Ujanja wote wa Betzig na wenzake, ukitazamwa kwa jicho la historia hii, ulikuwa wa kulikwepa swali la kwanza: waliyapanga madoa yasikutane kamwe, ili libaki swali la pili ambalo kila mtu anaweza kulijibu.

Kusambaa kwa njia hizi nje ya maabara zilikozaliwa kulitokana na programu za bure. Wayne Rasband, katika taasisi za afya za serikali ya Marekani, aliandika NIH Image mwaka 1987 na kuianzishia mrithi, ImageJ, mwaka 1997, ambayo ndani yake kuhesabu chembe na kutoa jedwali la vitovu ni suala la kubofya mara chache. Kampuni ya Intel ilianza mradi wa OpenCV mwaka 1999, na maktaba za lugha ya Python kama SciPy zikaifanya kazi nzima kuwa mistari mitatu ya msimbo: weka kizingiti, toa namba kwa kila kitu, chukua wastani. Urahisi huo una ubaya wake, kwa kuwa uamuzi wa ujirani, wa kizingiti na wa ukubwa wa chini wa kitu, ule unaozuia vumbi lisihesabiwe kuwa seli, umefichwa ndani ya thamani za msingi ambazo mtumiaji wa kawaida hazigusi.

Mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kutokana na mifano iliyotiwa alama na watu badala ya kufuata kanuni zilizoandikwa, ilibadilisha mpangilio huu kuanzia mwaka 2015. Olaf Ronneberger, Philipp Fischer na Thomas Brox wa Freiburg, Ujerumani, walitoa mwaka huo U-Net, mtandao unaoipa kila pikseli ya picha ya hadubini hukumu yake, na kwa makusudi waliuadhibu vikali zaidi pale ulipokosea katika mwanya mwembamba kati ya seli mbili zinazogusana. Mwaka 2018 StarDist, iliyotoka kwa watafiti wa Dresden, iliifunza kila pikseli kukisia umbali wake hadi ukingo wa seli kwa kila upande, wazo ambalo lina undugu wa karibu na ramani ya umbali ya mwaka 1966. Mwaka 2019 Xingyi Zhou na wenzake waligeuza mambo kabisa: mtandao wao hutoa ramani ambamo kila kitovu ni kilele, na ukubwa wa kitu huulizwa baadaye, kwenye kile kilele. Mwelekeo wa kura za Hough, wa kuanza na kitovu, ulikuwa umerudi kwa mlango mwingine.

Mwaka huo huo Colin Torney na wenzake, wakishirikiana na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, walichapisha ulinganisho wa mtandao wa neva na watu wa kujitolea katika kuhesabu nyumbu waliopigwa picha kutoka kwenye ndege juu ya Serengeti. Nyumbu ni doa la pikseli chache, rangi yake haiko mbali na ya vichaka na vivuli, na kundi linapobanana mgongo wa mmoja humalizikia kwenye ubavu wa mwingine, kwa hiyo matatizo ya punje za Lorraine yalijirudia mbugani. Na bado mtandao ulitoa idadi iliyokaribia ya wataalamu kwa muda mfupi zaidi.

Mwaka 2021 Google, kwa kazi iliyoongozwa kutoka ofisi yake ya utafiti ya Accra, ilitoa kwa umma orodha ya majengo ya Afrika yapatayo milioni 516, yaliyotambuliwa katika picha za setilaiti zenye pikseli ya sentimita 50, baada ya mtandao kufunzwa kwa majengo milioni 1.75 yaliyotiwa alama kwa mkono. Mtandao uliotumika ni wa ukoo wa U-Net, na kazi yake ni kuihukumu kila pikseli kuwa ya jengo au la, huku makosa ya karibu na mipaka ya majengo yakipewa uzito mkubwa ili paa la nyumba moja lisiungane na la jirani. Baada ya hapo pikseli za majengo hukusanywa kwa muunganiko kuwa jengo moja moja, na katika jedwali linalotolewa kila jengo, likiwa Mwanza, Kisumu au Bujumbura, lina latitudo na longitudo ya kitovu chake, iliyopatikana kutokana na umbo lake lote. Nyumba za vijijini zilizojengwa kwa udongo na nyasi ndizo zilizosumbua zaidi, kwa kuwa rangi yake ni ya ardhi iliyozizunguka. Pamoja nazo ni mitaa iliyobanana, ambako mabati ya nyumba nyingi huonekana kutoka angani kuwa bamba moja, na safu nzima ya nyumba inaweza kuandikwa kuwa jengo moja lenye kitovu kimoja.